Siku tatu Lamu kwa asiyekula kamba

Dada, nimekuelewa: una siku tatu Lamu, unataka mandhari na vyakula vya Waswahili, ila kamba hukuvimbisha midomo.

Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, usiyakose. Mashua hupita mkondo wa mikoko maji yakijaa, kwa hiyo muulize nahodha saa za maji kabla ya kulipa. Mimi nilikwama topeni, jua la utosi! Shela, kijiji cha ufukweni hapo hapo kisiwani Lamu, nenda kwa miguu asubuhi.

Kula mahamri kwa mbaazi, samaki wa kupaka, na mkate wa mofa ungali moto. Hatari iko kwenye mafuta: viazi vya karai huenda vimekaangwa palipokaangwa kamba. Uliza kila mara.

Na midomo kuvimba si jambo dogo; muone daktari kabla hujasafiri, akupe dawa ya kubeba.