Maswali na majibu: waifai yako inasomeka mpaka barabarani

Makala iliyopita nilitaja kwa kupita tu kwamba nilipanda bajaji hapa Kigoma kutoka Mwanga hadi Ujiji, simu mkononi, nikawa natazama majina ya waifai za majumbani yakitokea na kupotea kwenye kioo. Nikasema baadhi hazikuwa na alama ya kufuli, yaani mtu anaingia bila pasiwedi. Tangu hapo ujumbe haukatiki. Haya ndiyo yanayojibika.

Mwanangu, kupita mitaani unachungulia waifai za watu si wizi huo? Na wewe ndiye unayetufundisha! (Mstaafu, Bangwe)

Shikamoo mzee. Ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, hutangaza jina lake yenyewe, karibu mara kumi kila sekunde, awepo msikilizaji au asiwepo. Simu ya kila abiria inalisikia. Hapo ni sawa na kusoma kibao cha duka ukiwa unapita. Kuingia dukani usiku ni habari nyingine, hata kama mwenye duka alisahau kufunga. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila ruhusa. Faini inaanzia shilingi milioni 3, na jela ipo. "Nilikuta wazi" usiitegemee kama utetezi.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mmarekani Peter Shipley alizunguka na gari maeneo ya San Francisco akiwa na antena na kompyuta, akirekodi waifai alizozipita, na nyingi hazikuwa na ulinzi wowote. Mwaka 2001 ikaanza WiGLE, ramani ambayo watu wa dunia nzima huipelekea majina ya waifai walizozikuta njiani na mahali zilipo. Kisha mwaka 2010 Google ikakiri kuwa magari yake ya kupiga picha za mitaa yalikuwa yananasa pia mawasiliano yaliyokuwa yakipita kwenye waifai zisizo na kufuli, zikiwemo barua pepe na pasiwedi. Magari hayo hayakugonga hodi kwa mtu. Yalipita tu, kama bajaji yangu.

Fundi, nipe programu ya kupata pasiwedi ya jirani. (Kumi na mmoja wenu)

Piga hodi, msalimie, changia bili. Na mjue kuwa baadhi ya programu hizo huchukua pasiwedi zilizomo kwenye simu yako wewe na kuzigawa kwa wengine.

Nimewekewa intaneti mwezi uliopita na pasiwedi ipo. Niko salama? (Mama wa duka la mawese, Mwanga)

Pasiwedi ipi, mama? Maana ziko mbili na watu wanazichanganya kila siku. Moja ni ya kuingia kwenye waifai. Ya pili ni ya kuingia ndani ya ruta yenyewe, kule kwenye mipangilio, na hiyo kwa nyumba nyingi bado ni "admin" kama ilivyotoka kiwandani. Aliyeshaingia kwenye waifai yako kwa ile ya kwanza anaweza kukufungia nje ya ruta yako mwenyewe kwa ile ya pili.

Mwezi uliopita niliitwa nyumba moja hapa mjini kwa sababu "intaneti nzito". Ruta ilikuwa juu ya friji, imevishwa kitambaa cha kufuma kama redio ya babu, kibandiko chenye jina na pasiwedi kimeelekea dirishani. Nje ya dirisha hilo kuna benchi. Kwenye benchi vijana wanne, kila mmoja na simu yake, na mwenye nyumba akidhani wamependa kivuli cha mwembe. Fundi aliyefunga alichukua hela yake akaondoka bila kusema "badilisha". Mafundi wenzangu, sentensi moja tu hiyo inawashinda?

Badilisha zote mbili leo. Kwenye mipangilio ya ulinzi chagua kufuli la aina ya WPA2, au WPA3 iliyo mpya zaidi kama ruta inayo. Weka maneno manne yasiyohusiana, marefu, unayoweza kuyatamka. Na tafadhali, tafadhali, usiweke namba yako ya simu. Namba hiyo umeipaka rangi ukutani mwa duka, futi mbili kwa urefu! Nimejaribu kwenye maduka matatu, wenyewe wakiwa wamesimama pembeni wakinicheka. Mawili yakafunguka, kicheko kikaisha.

Kisha zima WPS, kile kitufe cha kuunganisha bila kuandika pasiwedi. Ruta nyingi zina pia PIN ya WPS yenye tarakimu 8, na mwaka 2011 ilibainika kuwa PIN hiyo hukaguliwa vipande viwili, kila kimoja peke yake. Badala ya kubahatisha mara milioni 100, mtu anahitaji mara 11,000 kwa wingi wake. Kompyuta haichoki.

Nikificha jina la waifai si watapita bila kuiona? (Mwalimu, Katubuka)

Hapana, mwalimu. Vifaa vya kutafutia huinasa pale tu simu yako inapojiunga. Kibaya zaidi, simu yako sasa itakuwa inaliita jina hilo kila uendako, sokoni, stendi, kanisani: "fulani upo?" Umeficha kibao cha nyumba, ukaanza kutembea ukilitangaza jina la nyumba.

Wageni wangu wanaosubiri boti wanapenda waifai isiyo na pasiwedi. Kuna ubaya gani? (Mwenye nyumba ya kulala wageni, Kibirizi)

Upo. Upande wa ziwani hakuna ukuta wala bati la kuzuia mawimbi, kwa hiyo waifai yako inafika mbali kuliko unavyodhani. Mtu akifanya uhalifu kupitia laini yako, watakaobisha hodi wataanzia mapokezi kwako. Ruta nyingi za sasa zina mtandao wa wageni; uwashe, uupe pasiwedi, uiandike kwenye kile kibao cha ufunguo wa chumba, na uibadilishe mara kwa mara. Kamera zako na kompyuta ya mahesabu zibaki kwenye mtandao wako. Ukizichanganya na wageni, mgeni wa chumba namba 4 anaweza kutazama nani anaingia chumba namba 5, na hilo halitakuletea wateja.

Nikikuta waifai ya wazi, naweza kutuma hela? (Mwanafunzi, Ujiji)

Kwa menyu ya nyota na reli, ndiyo, kwa sababu hiyo haipiti kwenye waifai kabisa. Inapita kwenye mtandao wa simu. Kwa programu ya benki, mawasiliano yamesimbwa, yaani yamefichwa wa pembeni asiyasome, ila zima waifai utumie bando lako. Hatari kubwa ni jina bandia: mtu anaipa waifai yake jina unalolifahamu, simu yako inajiunga yenyewe kwa mazoea, kisha unaletewa ukurasa unaoomba namba ya siri. Ukimaliza kutumia waifai ya wazi, ifute kwenye orodha ya simu.

Abiria wamesoma makala yako, sasa wananiambia niende polepole wahesabu waifai. (Dereva wa bajaji, Gungu)

Waongezee nauli.

Kaka yangu ameniletea ruta ya zamani kutoka Dar. Ina WEP tu. Niitumie au niuze? (Kijana, Mwanga)

WEP ni kufuli la waifai la mwaka 1997, na lilivunjwa na watafiti mwaka 2001. WPA ikaja kulirithi 2003, WPA2 mwaka 2004. Leo WEP inafunguka kwa dakika chache, na laptopu ya kawaida inatosha. Usiitumie, na usimuuzie mtu ukamwambia "ina kufuli". Bakiza adapta tu. Kama ni ya volti 12, inaweza kuwasha kipande kifupi cha mkanda wa taa za LED wa volti hizo hizo sebuleni.