Ukishachomwa sindano ya shepu, usimfiche anayekupiga picha

Kazi yangu ni ultrasaundi, katika kituo kimoja hapa Dar es Salaam. Karatasi za "uvimbe makalioni, chanzo hakijulikani" ninazipokea sana, na mara nyingi chanzo anakijua vizuri aliyelala kitandani.

Silikoni ya maji, ile inayochomwa kukuza makalio na hipsi, haifichiki. Nikipitisha kichwa cha mashine juu ya ngozi, naona chengachenga nyeupe kama runinga ya zamani isiyoshika stesheni, na nyuma yake sioni kitu tena, si misuli wala mishipa. Hapo namwomba shangazi aliyemsindikiza atupishe kidogo, navuta pazia.

"Dada yangu, ulichomwa kitu hapa?"

"Sindano za malaria, utotoni."

Jibu hilo halina ubaya, maana sindano za kwinini na PPF (penisilini) kweli huacha vinundu, tena vyenye chokaa. Ila vyenyewe hubaki palepale ilipopita sindano. Havijai hipsi zote mbili hadi nusu ya paja.

Basi sema tu. Ripoti anaandikiwa daktari, mume na shangazi haiwahusu. Na unapotuambia ni nini, ulichomwa lini na sehemu zipi, vipimo vinavyofuata vinabadilika kabisa. Asidi ya hayaluroniki, ile filla (dawa ya kujaza) ya midomoni au mashavuni, huonekana kama vijifuko vyeusi, na ina dawa ya kuiyeyusha, hayaluronidezi. Silikoni haina dawa hiyo. Filla za kalsiamu hung'aa kwenye CT skani sawasawa na mfupa. Pale ambapo silikoni imeziba kila kitu, ultrasaundi ya pili na ya tatu ni kupoteza hela. MRI, kipimo cha sumaku, ndiyo inayoonyesha imetambaa hadi wapi na kama imeingia kwenye misuli, na daktari wa upasuaji ataitaka kabla hajagusa chochote. Hata ukija kupimwa PET kutafuta saratani miaka mingi baadaye, vinundu hivyo vinaweza kuwaka kana kwamba ni saratani yenyewe.

Kuna wanaouziwa kichupa kwa maneno kwamba "ni mzigo wa Marekani". Huko Marekani kwenyewe, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ilitoa onyo mwaka 2017 kwamba silikoni ya kuchoma haijaidhinishwa kuongeza makalio, matiti wala kitu chochote cha urembo. Wanayoiruhusu ni ile ya kutibu ndani ya jicho tu. Anayekusukumia bomba baada ya bomba sebuleni kwake hajui anachofanya, au anajua na hajali.

Kinachoniogopesha zaidi ni mapafu. Silikoni ikiingia kwenye mshipa wa damu husafiri hadi kifuani: kikohozi, homa, pumzi kubana, pengine damu kwenye makohozi. Kwenye CT ya kifua mabaka yake hufanana na nimonia, kwa hiyo ukinyamaza utatibiwa nimonia huku hali ikizidi kuharibika. Ukibanwa pumzi saa au siku chache baada ya kuchomwa, nenda hospitali yenye oksijeni usiku huohuo, na neno la kwanza mapokezi liwe hilo la sindano. Vivyo hivyo kwa uso uliochomwa filla: ngozi ikipauka ghafla na kuuma, au jicho likififia, hapo zinahesabiwa dakika.

Uvimbe ukiwa mwekundu na wa moto, usikandwe wala usikubali kukamuliwa na yuleyule aliyekuchoma. Vidonda vya namna hiyo nimeviona vikigoma kupona.

Kama namba yake bado unayo, mwombe picha ya lebo ya kichupa. Akisema alishakitupa, tuambie unachokumbuka: dawa ilikuwa nyepesi au nzito ya kusukumwa kwa nguvu, aliichanganya na kitu, alichoma mabomba mangapi kila upande. Ukija, njoo na picha zako zote za vipimo vya zamani, hata ile CD iliyokwaruzika.