Maswali ya Wasomaji: Mshahara wa Mwalimu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari mwenye shahada. Mdogo wangu ni muuguzi, naye ana shahada, na mwajiri wetu ni halmashauri moja. Ananizidi mshahara kwa mbali. Je, walimu tunapunjwa?
Mwalimu, Dodoma

JIBU: Ndiyo, mwalimu, mnapunjwa. Walimu wa serikali hulipwa kwa ngazi za mshahara ziitwazo TGTS, watumishi wa afya kwa TGHS. Katika viwango vilivyotumika hadi nyongeza ya Julai 2022, mwalimu wa shahada alianza na Sh 716,000 na muuguzi wa shahada Sh 980,000. Wenye stashahada, mwalimu alianza na Sh 530,000 na muuguzi Sh 680,000. Tusimwonee muuguzi: shahada yake ni miaka 4, na juu yake mwaka mmoja wa mafunzo kazini, yako ni 3. Lakini miaka hiyo miwili haihalalishi pengo la Sh 264,000 kila mwezi.

Ukijilinganisha na maofisa wa kawaida wa halmashauri wenye shahada, mshahara wa kuanzia unakaribiana. Mnaachana kwenye posho. Ofisa ana safari na vikao. Muuguzi akiitwa usiku ana posho ya kuitwa kazini. Wewe ukiwa na mikondo 3 ya wanafunzi 60, una madaftari 180. Kila moja dakika 3, hiyo ni saa 9 za kusahihisha, na nyingi unazimalizia nyumbani usiku bila hata senti. Posho ya madaraka anaipata mkuu wa shule, si mwalimu wa darasani. Kwa maoni yetu hapo ndipo dai la walimu lina nguvu zaidi, kwa sababu saa zinahesabika.

SWALI: Mshahara wangu ni Sh 800,000 lakini benki inaingia 532,000. Nani anakula hela yangu? Na naweza kukopa kiasi gani?
Mwalimu wa shule ya msingi, Tabora

JIBU: Fungua hati ya mshahara tuhesabu pamoja. PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, Sh 40,000. Kodi hutozwa baada ya kuondoa hiyo, yaani kwenye 760,000, nayo ni Sh 68,000. Bima ya afya asilimia 3, Sh 24,000. Chama cha walimu asilimia 2, Sh 16,000. Bodi ya Mikopo, kulipa mkopo wako wa masomo ya elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara ghafi, Sh 120,000. Jumla 268,000. Hakuna aliyekuibia, ila ona jinsi Bodi peke yake inavyokaribia kodi mara mbili. Siku deni hilo likiisha, fuatilia makato yasimame mara moja. Wengi hukatwa miezi ya ziada kwa kutoangalia salio.

Kuhusu mkopo, sheria inataka ubakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara ghafi, kwako Sh 266,667. Kwa hiyo marejesho yote mapya hayawezi kuzidi Sh 265,333 kwa mwezi. Tunakusihi usifike huko. Wanaokwama kwa wakopeshaji wa mtaani wanaoshikilia kadi za benki mara nyingi ni wale waliokwisha kugusa theluthi.

SWALI: Barua ya kupanda daraja inasema Julai, mshahara mpya umeonekana Januari. Ile miezi 6 imepotea?
Mwalimu, Lindi

JIBU: Haijapotea, hayo ni malimbikizo. Chukua tofauti ya mshahara wa zamani na mpya, zidisha kwa 6. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mkuu wako wa shule, ambatisha barua ya kupanda daraja, hati ya mshahara ya Juni, ya Desemba na ya Januari. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa masjala urudi nayo. Kisha muulize ofisa utumishi kama dai limeingizwa kwenye mfumo, maana barua iliyolala kwenye faili haimlipi mtu. Madai mengi hukwama kwa sababu ndogo: jina la cheti halifanani na la ajira, cheki namba (namba yako ya utumishi) imekosewa tarakimu moja, au mwalimu hakurudisha barua ya kukubali cheo kipya.