Akademi hazishindwi kufundisha: kijana hukwama kati ya miaka 17 na 21

Mleta mada ameuliza kwa nini akademi za soka zenye viwanja vizuri, makocha wenye leseni na watoto walioteuliwa kwa uangalifu hupitisha misimu mingi bila kutoa hata mchezaji mmoja wa kudumu katika kikosi cha kwanza. Wengi waliomjibu wamelaumu mafunzo: kwamba vijana hawafundishwi mbinu, kwamba hawana nidhamu, kwamba simu zimewaharibu. Nimefundisha vijana wa akademi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, hasa wale wa chini ya miaka 17 na 18, na kwa niliyoyaona nikiwa ndani, mafunzo ndiyo sehemu ya kazi hii iliyopiga hatua kubwa kuliko zote. Kijana hukwama baadaye, kati ya umri wa miaka 17 na 21, na katika kipindi hicho anayeamua hatima yake si akademi tena.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Chelsea. Timu yao ya vijana ilitwaa Kombe la FA la Vijana mara tano mfululizo, kuanzia 2014 hadi 2018, na Ligi ya Vijana ya UEFA mwaka 2015 na 2016. Hakuna awezaye kusema kwamba vijana hao hawakufundishwa. Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo wengi wao walitolewa kwa mkopo kwenda klabu nyingine msimu baada ya msimu, huku klabu ikinunua wachezaji waliokwisha kukomaa kwa nafasi zilezile. Mwaka 2019 FIFA ikaifungia klabu hiyo kusajili, na katika msimu uliofuata Mason Mount, Tammy Abraham, Fikayo Tomori na Reece James wakawa wanapangwa katika Ligi Kuu ya Uingereza chini ya kocha Frank Lampard. Kilichobadilika kati ya Mei na Agosti mwaka ule hakikuwa ubora wa mazoezi ya vijana. Mwaka 2021 Mount na James walianza katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ambayo Chelsea iliishinda, na pasi ya bao pekee la mchezo huo ilitoka mguuni mwa Mount. Athletic Club ya Bilbao nayo, ambayo kwa sera yake hutumia wachezaji waliozaliwa au kulelewa kisoka katika eneo la Wabaski tu, haijawahi kushuka daraja katika historia ya ligi ya Hispania, na mwaka 2024 ilitwaa Kombe la Mfalme. Klabu isiyoweza kununua, au iliyojikataza kununua, huwatazama vijana wake kwa macho mengine kabisa.

Simlaumu kocha mkuu kwa hili, ingawa yeye ndiye anayepanga kikosi. Kocha ambaye anajua kwamba akipoteza mechi tatu mfululizo ataanza kusoma habari za kufukuzwa kwake hawezi kumvumilia kijana wa miaka 18 ambaye, kwa kawaida kabisa ya umri wake, atahitaji miezi kadhaa ya kucheza vizuri leo na vibaya wiki ijayo kabla hajatulia. Anayesifiwa sana kwa kuwaamini vijana ni Alex Ferguson wa Manchester United, na ni haki yake, lakini watu husahau mazingira yake. Katika kiangazi cha 1995 aliwaachia Paul Ince, Mark Hughes na Andrei Kanchelskis waondoke, akawapa nafasi akina David Beckham, Paul Scholes, Nicky Butt na ndugu wawili, Gary na Phil Neville. Mechi ya kwanza ya ligi walifungwa 3-1 na Aston Villa, na msimu ulipoisha Mei 1996 walikuwa wametwaa ligi na Kombe la FA. Alikuwa kazini tangu 1986 na alikuwa ameshatwaa ligi mara mbili. Kocha mwenye mkataba wa miaka miwili, asiye na kombe hata moja kabatini, akifungwa vile Agosti, wiki inayofuata atamrudisha mkongwe wake uwanjani, na hakuna kiongozi wa klabu atakayemwambia kwamba amekosea.

Hapa niseme jambo ambalo walio nje hawalioni, nalo ni maana halisi ya maneno «kijana amepandishwa kufanya mazoezi na wakubwa». Namkumbuka kiungo mmoja, mwepesi sana wa kusoma mchezo, aliyeitwa kwa wakubwa siku moja kabla ya mechi. Nilikwenda kusimama kando ya uwanja nimwangalie. Siku hiyo kikosi cha kwanza kilikuwa kinafanyia kazi kona na mipira ya adhabu, na vijana walioitwa walivishwa vizibao wakaambiwa wasimame ndani ya eneo la yadi sita mbele ya goli, wawe walinzi wa timu pinzani. Kona ikapigwa, beki wa kati akafunga kwa kichwa, kocha akasimamisha zoezi na kumsahihisha mwenzake mahali pa kuanzia mbio zake, kona ikapigwa tena. Yule kiungo alipouwahi mpira mmoja na kuuondosha, aliambiwa kwa upole kwamba asiruke kwa nguvu kiasi hicho, kwa sababu wakubwa walikuwa wanajifunza kufunga. Zoezi lilipohamia kwenye mchezo wa kumiliki mpira katika eneo finyu, mahali ambapo hasa angeonekana, vijana wakaambiwa wanaweza kwenda kuoga. Katika kumbukumbu za klabu siku hiyo ilihesabiwa kuwa ni siku ya mazoezi na kikosi cha kwanza. Mwisho wa msimu benchi la ufundi lilipoulizwa kuhusu yeye, jibu lilikuwa kwamba wamemwona mara nyingi lakini bado hajawashawishi.

Tatizo la pili ni aina ya mechi anazocheza kijana huyo wakati anasubiri. Ligi ya vijana ya chini ya miaka 18 inaweza kuwa na ufundi wa hali ya juu, lakini haina kushuka daraja, haina posho ya ushindi inayomlipia mtu kodi ya nyumba, wala haina beki wa miaka 32 anayejua kumsukuma mshambuliaji kwa nyonga sekunde moja kabla mpira haujafika ili mwamuzi asione kitu. Kijana aliyezoea kupokea mpira, kugeuka na kuinua kichwa hugundua kwamba kwa wakubwa muda wa kugeuka haupo, na kwamba uamuzi lazima uwe umeshafanywa wakati mpira ungali njiani. Jambo hilo hafundishwi na mtu kwa maneno. Analipata kwa kucheza. Ndiyo maana naziheshimu nchi zinazoruhusu timu za pili kushindana katika madaraja ya watu wazima. Timu ya pili ya Ajax imekuwa ikicheza daraja la pili la Uholanzi tangu 2013. Nchini Hispania, Sergio Busquets na Pedro walikuwa daraja la nne na Barcelona B ya Pep Guardiola msimu wa 2007-08, wakipambana na wanaume wa miji midogo kwenye viwanja vidogo, na msimu uliofuata wakapanda naye kwenye kikosi kilichotwaa makombe matatu makubwa. Waliofika juu hawakuwa wametoka moja kwa moja kwenye mechi za watoto.

Pasipo timu ya pili, njia inayobaki ni mkopo, na mkopo ni mzuri pale tu unapopangwa kwa ajili ya mchezaji. Harry Kane alipitia Leyton Orient, Millwall, Norwich na Leicester kabla hajawa mshambuliaji wa Tottenham, na si kila mahali alipata nafasi ya kutosha. Mikopo mingi niliyoishuhudia ilipangwa siku za mwisho za dirisha la usajili, kwa klabu iliyokubali kulipa sehemu ya mshahara, bila mtu kuuliza timu ile inacheza vipi. Winga anayependa mpira mguuni hupelekwa kwa kocha anayerusha mipira mirefu, anakaa benchi hadi Januari, anarudi akiwa amepungua uzito na kujiamini, na ripoti inasema ameshindwa kuzoea. FIFA ilianza kupunguza idadi ya mikopo ya kimataifa kuanzia Julai 2022, lakini wachezaji wa miaka 21 kushuka chini na wale waliolelewa na klabu yenyewe hawahesabiwi, kwa hiyo kundi tunalolizungumzia halikuguswa.

Kanuni za UEFA pia huonekana nzuri kuliko zilivyo. Orodha ya wachezaji 25 ambayo klabu husajili kwa mashindano ya Ulaya hutenga nafasi nane kwa waliolelewa ndani ya nchi, wanne kati yao wakiwa wamelelewa na klabu husika kwa misimu mitatu wakiwa na umri kati ya miaka 15 na 21. Kanuni hiyo inataka majina yao yawemo kwenye orodha. Haitaki waingie uwanjani, na kipa wa tatu anaweza kuijaza nafasi mojawapo kwa miaka kumi.

Halafu kuna fedha, na hapa mambo yamezidi kuwa mabaya katika miaka ya karibuni. Mchezaji anayenunuliwa huandikwa kwenye vitabu vya hesabu kwa gharama yake, ikigawanywa kwa miaka ya mkataba, ilhali aliyelelewa nyumbani hana bei ya kununuliwa, hivyo akiuzwa karibu kiasi chote huingia kama faida ya mwaka huo. Kwa klabu za Uingereza zinazobanwa na kanuni zinazoweka kikomo cha hasara, kijana wa nyumbani amekuwa kitu cha kwanza kufikiriwa kuuzwa. Mount huyohuyo aliuzwa Manchester United mwaka 2023, na Conor Gallagher, aliyeingia Chelsea akiwa mtoto, akaenda Atlético Madrid mwaka 2024. Huenda kila uhamisho ulikuwa na sababu zake nyingine, lakini hesabu za aina hiyo humfanya mhasibu awe na neno kubwa zaidi katika maisha ya kijana kuliko kocha aliyemlea, na kwangu hilo ni jambo la kuhuzunisha.

Nakubali kwamba akademi zenyewe hazina mikono safi, na kosa lao kubwa hufanyika mapema, wakati wa kuteua. Chukua orodha ya timu yoyote ya chini ya miaka 12 na usome safu ya tarehe za kuzaliwa: utakuta miezi ya mwanzo wa mwaka wa usajili imejaa na ile ya mwisho ina majina machache. Katika nchi nyingi mwaka huo huanza Januari. Uingereza, kwa kufuata mwaka wa shule, huanza Septemba. Mtoto aliyezaliwa mwezi wa kwanza wa mwaka huo wa usajili ana karibu mwaka mzima wa kukua kumzidi mwenzake wa mwezi wa mwisho, naye skauti, yaani msaka vipaji, huona mbio na nguvu akadhani ni kipaji. Wakifika miaka 18 wote wamelingana kwa kimo, na yule aliyekuwa akishinda kwa mwili hana tena cha kumsaidia, lakini yule aliyejifunza kufikiri kwa sababu alikuwa mdogo aliachwa zamani. Antoine Griezmann alikataliwa na klabu za Ufaransa kwa sababu ya udogo wa mwili, akalelewa na Real Sociedad ya Hispania, na mwaka 2018 akawa bingwa wa dunia na Ufaransa. Declan Rice aliachwa na Chelsea akiwa na miaka 14. Kupanga vijana katika baadhi ya mashindano kwa kiwango cha kukomaa kwa mwili badala ya tarehe ya kuzaliwa, kama ilivyojaribiwa Uingereza, kunasaidia, ila makocha wanaopimwa kwa makombe ya watoto hawakupendi.

Kuhusu makipa sitasema mengi: nafasi yao ni moja, habadilishwi mtu kwa ajili ya kumpumzisha, na hata ongezeko la wachezaji wa akiba wanaoingia kutoka watatu hadi watano halijawafaa kitu.

Mahali pamoja nilipofanya kazi, mkurugenzi wa ufundi aliweka utaratibu mmoja tu mpya: kabla klabu haijanunua mchezaji wa akiba wa nafasi yoyote, kocha wa vijana aulizwe nani yupo, na jibu liwekwe kwa maandishi mbele ya waliokuwa wanaamua usajili. Kwa sababu hiyo hatukununua beki wa kushoto wa pili. Wa kwanza alipoumia, kijana wetu aliingia, akacheza vibaya mechi yake ya kwanza, na akapangwa tena kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Alipofika mechi ya tano au ya sita alikuwa mchezaji mwingine, na yule mkubwa alipopona ilibidi agombee nafasi yake.

Kwa hiyo mzazi anayetaka kuipima akademi asianze na makombe wala ubora wa nyasi. Aulize vijana wa miaka 18 hadi 20 wa klabu hiyo walicheza dakika ngapi za mashindano ya watu wazima msimu uliopita, na wapi. Aulize nani huwatembelea walio kwa mkopo, na kama kocha wa vijana huingia kwenye kikao cha usajili. Klabu inayofanya kazi hii kwa dhati ina majibu hayo kwenye karatasi na itamwonyesha siku hiyohiyo.