Mwanangu, ingia darasa la kati

Nsambya, Kampala
Jumapili jioni

Mwanangu,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama mlangoni, mara ya pili nikakaa. Unauliza: "Baba, muhula ujao niingie darasa la kati la baleti, au nirudie la wanaoanza? Nina miaka 20. Wenzangu wengi walianza wakiwa na miaka minne au mitano. Mwalimu ameniruhusu, lakini naogopa kuwarudisha wenzangu nyuma." Halafu pale chini, kwa mwandiko mdogo kana kwamba hukutaka niuone, ukaongeza kwamba utakuwa Mwafrika peke yako mle ndani.

Ingia. Mama yako naye anasema hivyo hivyo. Ila ngoja nikueleze sababu zangu.

Unajua nilipuliza klarineti kwenye bendi ya polisi miaka 22. Kuna jambo sikuwahi kukuambia. Nilipotolewa kundi la wanaojifunza nikapelekwa bendi kubwa, nyimbo za gwaride nilikuwa nazo zote kichwani, lakini kusoma noti haraka sikuweza. Wenzangu waliwekewa karatasi mpya na kuipiga papo hapo. Basi mimi, kwa wiki mbili nzima, nikawa nachezesha vidole bila kupuliza. Nilijiona nimesitirika katikati ya sauti za watu. Asubuhi moja mkuu wa bendi akanyamazisha wote, akaniambia nianze juu ya ukurasa, peke yangu. Nilitoa noti nne nikakwama. Hakunigombeza. Alisema, "Nisipokusikia nitakurekebishaje?" Tangu siku ile nikawa nakosea kwa sauti, narekebishwa kila siku mbele ya wote, na mwaka haukuisha kabla sijajua kusoma.

Sasa tazama ulichoniandikia. Kwa wanaoanza, mwalimu anaonyesha zoezi mara tatu na kulifanya pamoja nanyi. Darasa la kati anaonyesha mara moja, wakati mwingine kwa viganja tu, anataja majina ya Kifaransa, piano inaanza. Mkimaliza upande wa kulia, mnageuka kushoto bila kukumbushwa. Hatua zenyewe nyingi unazijua. Kilichobadilika ni kasi ya kushika. Ukirudia darasa la kwanza utazidi kuwa hodari wa kwenda taratibu, na hiyo kasi itabaki pale pale ikikusubiri.

Kwa hiyo siku ya kwanza usijifiche. Kwenye ile fimbo ya kushikilia, usisimame mwishoni. Gwaride limenifundisha hilo: amri ya kugeuka nyuma ikitolewa, aliyekuwa wa mwisho anajikuta ndiye wa mbele, na hana wa kumtazama. Simama katikati, ili mkigeuka upande wowote uwe na mtu mbele yako anayejua. Mnapovuka chumba kwa miruko, kutoka pembe hadi pembe, usingoje kundi la mwisho. Nenda na la pili. Utakuwa umeona mara moja, na hofu haitakuwa imepata muda wa kukomaa. Na mwalimu akimrekebisha mwenzako bega, shusha na lako. Masahihisho ya mwingine ni mali yako pia, umeyalipia karo.

Halafu huyo mpiga piano! Umemtaja kwa nusu mstari, nami ndiye niliyemfikiria usiku kucha. Mna mtu hai anayewapigia, siyo kaseti, na wewe unahangaika kukariri hatua kwa macho. Msikilize. Kabla hamjaanza anatoa mapigo machache ya utangulizi, kwa kawaida manne, na humo tayari amekwambia kila kitu: kasi, uzito, kama mguu uteleze au ukatike. Mnapokunja magoti mwanzoni, mara nyingi atapiga kitu cha polepole, aghalabu cha mapigo matatu. Ile mipigo ya haraka ya kifundo cha mguu ataipa mapigo mawili makavu. Mkifika kurusha miguu juu, mwisho wa fimbo, nakuhakikishia utasikia kitu ambacho umekisikia tangu ukiwa mgongoni kwa mama yako hapa kambini. Wewe umelelewa na bendi. Waliocheza tangu utotoni wana miguu, lakini sikio kama lako si wote wanalo.

Majina ya Kifaransa yasikutishe. Sisi wa bendi tunasoma Kiitaliano kwenye karatasi zetu, adajio, alegro, na hatujawahi kufika Italia. Wao wana Kifaransa kwa sababu mfalme Louis XIV alianzisha chuo cha dansi Paris mwaka 1661, na majina yakabaki. Andika kumi kila wiki kwenye daftari, na mbele ya kila moja andika mwili unafanya nini.

Magoti nayo. Mama yako amenisimamia hapa ili nisisahau. Anasema, na amewauguza watu miaka mingi: kugeuza mguu nje kunatoka kwenye nyonga. Nyonga yako ikigoma mahali fulani, hapo ndipo mwisho wako wa leo, hata kama wa pembeni yako miguu yake imelala mstari mmoja sakafuni. Ukilazimisha nyayo zifike, goti ndilo linalosokotwa. Msuli uliochoka ni jambo la kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo ni ya kusimama na kumwambia mwalimu, saa hiyo hiyo. Na viatu vya kusimamia ncha ya vidole, usivitamani sasa. Darasa lako ni la viatu laini, inatosha.

Unasema mwalimu anakwambia kiuno chako "kinaongea". Nilicheka kwa furaha, maana najua kilikojifunza. Senga yako, shangazi, alikushika kiuno kwenye harusi za ukoo ukiwa na miaka sita, akakufundisha bakisimba, ile ngoma yetu ya Kiganda, magoti yamekunjwa, visigino vimeinuka, mgongo umetulia. Usikione kama kosa la kufuta. Hapa kambini uliongea Kiswahili, sokoni Luganda, shuleni Kiingereza, na hukuwahi kuchanganyikiwa uko wapi. Kiuno kinyamaze darasani kwa sababu pale lugha ni nyingine. Ukirudi nyumbani kitaongea. Kukunja goti vizuri, ambako naona kila mruko wenu unaanzia na kuishia hapo, umeenda nako tayari.

Kuhusu kuwa peke yako, sitakwambia ni jambo dogo. Lakini njia ilishakanyagwa. Arthur Mitchell, Mmarekani Mweusi, aliingia kundi kubwa la baleti la New York City Ballet mwaka 1955, na mwaka 1969, baada ya Martin Luther King kuuawa, yeye na mwalimu wa baleti Karel Shook wakaanzisha kundi lao, Dance Theatre of Harlem. Wachezaji wao huvaa taiti na viatu vilivyotiwa rangi vifanane na ngozi ya kila mmoja. Muulize mwalimu kabla ya siku ya kwanza kama nawe unaweza kuvaa hivyo, badala ya ile rangi ya waridi iliyozoeleka kwenye baleti. Ni haki yako kuuliza. Misty Copeland alianza akiwa na miaka 13, watu wakaona amechelewa, na mwaka 2015 akawa mwanamke Mweusi wa Marekani wa kwanza kufika daraja la juu kabisa la wachezaji katika kundi la American Ballet Theatre. Najua 20 siyo 13. Jukwaa la aina hiyo pengine halitakuwa lako, na wala hukuniuliza habari za jukwaa. Umeniuliza kama una nafasi chumbani. Unayo, tangu mwalimu alipokuruhusu.

Masomo yako makuu yasiguswe. Ukiona yanateleza, niambie mapema tuzungumze.

Mama yako anauliza kama lile sweta limefika. Mimi nina ombi moja: ukitoka darasa la kwanza, niandikie huyo mpiga piano alipiga nini mlipokuwa mnarusha miguu. Hata kama hujui jina, nigongee mapigo yake kwenye simu, nitaujua.

Ni mimi baba yako.