Lifute hilo "nondescript" kabla hujachapisha

Lifute leo, ndugu yangu, usingoje kesho. Umeuliza kama tangazo la nyumba yako ya wageni hapo Mkomani, mjini Lamu, likisema "a nondescript Swahili house" litavuta watu.

Najua ulivyolifasiri: "non" ni kukanusha, "descript" ni kueleza, basi ni nyumba ambayo uzuri wake hauelezeki. Ndivyo alivyotuaminisha yule bwana tuliyemlipa atuandikie vipeperushi vya nyumba yetu ya wageni. Uongo mtupu! Neno hilo ni la kitu kisicho na lolote la kukitambulisha, ukikipita hukikumbuki: jengo la ofisi la kijivu, gari lililoegeshwa kando, mtu aliyepotelea katika umati. Karne ya 17 wataalamu wa mimea na wanyama walimwita hivyo kiumbe ambaye bado hajaelezwa vitabuni, lakini matumizi hayo yamekwisha zamani.

Sisi tulichapa, tukagawa gatini, tukachora na kibao. Msimu mzima wageni wakisoma, wakitabasamu, wakipanda boti kwenda kulala kijiji jirani cha Shela. Vyumba vitupu, mishahara inadaiwa. Hatimaye mama mmoja Mwingereza akatuuliza, kwa adabu zake, kwa nini twaitukana nyumba yetu wenyewe. Kibao kikang'olewa, vipeperushi vikawa vya kufungia bajia. Yule bwana hakurudisha hata shilingi, na simu hapokei. Anayetaka kucheka acheke, ila kwanza aseme kama yeye angelijua.

Kinachoniuma zaidi, neno lenyewe lingetufaa likiwekwa pahali pake. Nyumba zetu za mawe huuonyesha mtaa ukuta mtupu, na mapambo yote yako ndani: zidaka (vishubaka vya ukutani), nakshi za chokaa, kiwanda, yaani ua wa ndani, chenye mwanga. Mwingereza angeandika "behind a nondescript wall", kisha akuingize ndani ushangae. Ukuta ndio usio na sifa, nyumba inayo.

Kwa hiyo kivumishi cha Kiingereza usikipasue vipande ukadhani umekijua. Soma sentensi za wenye lugha, utazame kimezoea kukaa na nomino gani. Hata "indescribable" (isiyoelezeka) unayoifikiria sasa, wao huitumia kwa furaha na kwa maumivu vilevile.

Wewe taja vitu: mlango wa kuchonga, zidaka, upepo wa darini. Ukimaliza niletee tangazo nilisome kabla halijafika kwa mchapaji.