Kabla ya Kuamini Rangi za Filamu ya Zamani

Niliwahi kumweleza rafiki yangu, kwa uhakika wa mtu aliyefika, jinsi wanawake wa Paris walivyopenda nguo za kahawia mwaka 1896. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu katika filamu, bila kujua kwamba ilipigwa kwa nyeusi na nyeupe, na kwamba kahawia ile ilikuwa makisio ya kompyuta. Tangu aibu hiyo, kabla sijatazama kanisa wala daraja katika filamu ya mji wa zamani, huuliza kwanza rangi zimefikaje humo.

Mwaka husaidia. Technicolor ya rangi tatu, mfumo wa kupiga filamu za rangi, ilianza kutumika mwaka 1932, na Kodachrome, mkanda wa rangi wa kampuni ya Kodak, ikawafikia wapigaji filamu wa kawaida mwaka 1935. Kwa hiyo mtaa wa karne ya 19 unaong'aa kwa rangi zote umepakwa baadaye. Yapo pia majaribio ya kabla ya hapo, nami ndiyo niyapendayo zaidi. Mpiga filamu Claude Friese-Greene, aliyeizunguka Uingereza kwa gari katikati ya miaka ya 1920 na kuishia London, alitumia mfumo ambao fremu zake, yaani picha moja moja za mkanda, zilitiwa rangi mbili kwa zamu, nyekundu na ya kijani-buluu, na kwa kuwa fremu mbili hazipigwi kwa wakati mmoja, chochote kinachokwenda kasi huburuta kingo za rangi hizo. Warekebishaji wa kisasa wamezipunguza kingo hizo, mimi ningeziacha.

Ukikuta mji wote umegeuka waridi, usidhani ni machweo. Nakala nyingi za Eastmancolor, aina ya mkanda wa rangi iliyoingia sokoni mwaka 1950, hupoteza rangi ya samawati kadiri zinavyozeeka, na nyekundu ndiyo inayobaki.

Kumbuka vilevile kwamba filamu za rangi za miaka ya 1930 zilihitaji mwanga mwingi mno, na kamera ya Technicolor, iliyoendesha mikanda mitatu kwa pamoja, ilikuwa mzigo mzito. Ndiyo maana Roma na Yerusalemu za filamu hizo karibu daima zina jua kali na anga safi, na ndiyo maana hutaona sana usiku, mvua wala vyumba vya ndani. Msimulizi wa filamu hizo naye husifu kila kitu, kwa hiyo mimi hurudia filamu mara ya pili nikiwa nimezima sauti, nikiliacha sanamu maarufu katikati na kufuatilia pembeni mwa picha, kwenye nguo zilizoanikwa, mabango ya maduka, na mfagiaji ambaye mpiga picha hakukusudia kumchukua.